Watano Wamevaa Njano: Kikosi Changu cha Simba Tangu 2003

Simba! Nguvu moja!

Ndugu Mwenyekiti wa tawi, Katibu, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, kina mama wa kamati ya hamasa, vijana mliojibana dirishani kwa kuwa viti havikutosha, na ninyi watani watatu mliokuja na jezi zenu za njano mkijua fika mnaingia nyumba ya nani: wa kuamkiwa shikamooni, waliobaki habari za jioni.

Katibu aliponipigia simu aliniambia nina dakika 20. Nitaje kikosi bora cha Simba cha zama hizi, nieleze kidogo, nikae. Nikamwuliza, zama hizi zinaanzia wapi? Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, hilo nalo utajipangia mwenyewe." Basi nikaingia kazini. Wiki tatu nimelala na daftari na penseli. Naandika jina, nafuta, nalirudisha, nafuta tena, mpaka ukurasa wa viungo ukatoboka. Juzi usiku kikosi kikakamilika. Nikakisoma kwa sauti toka kipa mpaka mshambuliaji, na nilipofika mwisho nikaona kitu ambacho sikukitafuta: katika watu 11 niliowapanga, watano wamewahi kuvaa jezi ya Yanga, watani wetu wa Jangwani.

Naam, guneni. Mimi pia niliguna. Mke wangu akaniuliza naguna nini saa sita usiku, nikamwambia nimewakuta watu wa Jangwani ndani ya daftari langu.

Ningeweza kuwatoa, kifutio kilikuwa mkononi. Lakini kila nilipotaka kumfuta mmoja, niliona nafuta na usiku fulani ambao mimi mwenyewe nilikuwepo, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kesho yake nikaingia darasani nafundisha kwa kuandika ubaoni tu. Sasa usiku ule niupeleke wapi? Kwa hiyo sikumfuta hata mmoja, na sehemu kubwa ya dakika zangu nitaitumia kwa hao watano. Waliobaki hawana kesi.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Wapo wanaosema zama za kisasa zilianza 2017, habari za uwekezaji zilipoingia na usajili ukawa usajili kweli. Wapo wanaosema 2007, ulipofunguliwa uwanja ule wa watu 60,000 ambao leo tunauita wa Mkapa. Wote wana hoja. Wazee hapa mbele wangependa turudi 1993, fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, au hata 1974. Nawaheshimu, ila hiyo ni hotuba nyingine na msemaji mwingine. Mimi nimeanzia 2003, na sababu yangu ni Cairo.

Vijana, hali ilikuwa hivi. Zamalek ndiye bingwa mtetezi wa Afrika, kombe la 2002 liko kabatini kwake. Sisi tumemfunga 1-0 hapa nyumbani, kwenye uwanja mnaouita leo Uhuru. Marudiano kule Cairo naye katufunga 1-0. Zikaja penalti. Hakuna simu ya kutazamia mpira wakati ule, kuna redio. Redio yetu ilikula betri nne, na mbili kati ya hizo tulikuwa tumezianika juani tangu mchana zipate uhai kidogo. Watu kumi na kitu tumeizunguka barazani. Mtangazaji akipandisha sauti, redio yenyewe inashuka. Kijana mmoja alipewa kazi moja tu ya kushikilia waya wa antena, na nadhani hata kupumua alikuwa anapumua kwa ruhusa. Penalti ya mwisho akaenda Christopher Alex. Tukasikia jina lake, halafu mkoromo. Hakuna neno. Tumetazamana. Kelele zikaanzia nyumba ya pili, maana wao walikuwa na betri mpya, na sisi tukapiga kelele kwa kuwaamini majirani. Tulijua matokeo kamili baadaye sana, tukiwa tumeshazunguka mtaa mara mbili.

Bingwa wa Afrika katolewa nyumbani kwake. Haya maneno yetu ya "kwa Mkapa hatoki mtu", haya madai kwamba robo fainali ni haki yetu kama ya kuzaliwa, mizizi yake ni usiku ule. Ndiyo maana nimeanzia hapo.

Masharti yangu yalikuwa matatu. Moja, nahesabu kilichofanyika ndani ya jezi nyekundu tu. Alikotoka mtu na alikokwenda si hoja yangu. Pili, awe amecheza kwetu angalau misimu miwili. Tatu, hawa 11 waweze kucheza pamoja. Hili la tatu ndilo watu hulisahau. Mnapanga washambuliaji wanne na namba kumi watatu, halafu mnaita hicho kikosi. Hiyo ni albamu ya picha. Nani atakaba?

Golini. Mabishano hapa ni ya watu wawili, Juma Kaseja na Aishi Manula. Manula alikuja kutoka Azam 2017 na ubingwa wa ligi ukaja naye mara nne mfululizo, toka msimu wa 2017/18 mpaka 2020/21. Al Ahly wamekuja kwa Mkapa Februari 2019 wakatoka 1-0, wakarudi Februari 2021 wakatoka 1-0, na mara zote mbili hawakupata bao. Kwa takwimu, vijana, nyie ndio wenye haki. Lakini nimempa Kaseja. Kule Cairo alisimama golini akiwa hajatimiza hata miaka 20. Msimu wa 2009/10, chini ya Patrick Phiri, tulichukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, na kipa alikuwa yeye. Mei 6, 2012, tulipowafunga watani 5-0, kwenye orodha ya wafungaji kuna jina la kipa: alitoka golini kwake, akavuka uwanja mzima kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, akaweka mpira penye nukta, akafunga penalti.

Na huyu ndiye wa kwanza wa wale watano. Alikwenda Jangwani 2008, akarudi 2009. Akaenda tena 2013. Mara mbili! Nakumbuka ile ya kwanza, jirani yangu mmoja alichukua picha yake ukutani akaigeuza uso kwa ukuta, hakuitoa. Mwaka uliofuata akaigeuza tena. Ukuta ulikuwa na alama mbili za msumari, na ukiuliza anakwambia ni mchwa.

Beki wa kulia sipotezi muda: Shomari Kapombe. Alikuja kijana 2011, akaenda Cannes ya Ufaransa, akapita Azam, akarejea 2017, na tangu hapo namba mbili ikawa kama ina hati miliki. Anayebisha aninyooshee mkono baadaye.

Mabeki wa kati ndio walionitoboa karatasi, pamoja na viungo. Cairo walisimama Boniface Pawasa na Victor Costa, na mtu anayenizidi umri angewapanga hao wawili akafunga daftari. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, mbona video zao hazionekani?" Swali zuri, na ndilo tatizo la kazi hii yote. Wa 2019 tunawatazama tena na tena kwenye simu mpaka makosa yao tumeyakariri, wa 2003 tunawaona kwa masimulizi, na masimulizi hayakosei pasi. Nimejitahidi kusawazisha mizani. Mwisho nimempa Pascal Wawa, kwa sababu sijawahi kumwona beki wetu aliyetulia namna ile. Mpira unashuka ndani ya boksi letu, mshambuliaji yuko mgongoni, sisi jukwaani tunapiga yowe apige mbele, yeye anaupokea kwa kifua, anageuka, anatafuta winga wa upande wa pili. Ukiwa na presha ya damu usikae na Wawa. Pembeni yake Henock Inonga, wa misimu ya 2021 mpaka 2024, kwa sababu Wawa anahitaji mtu mwenye miguu ya haraka wa kufukia anakotoka. Msimu wa 2021/22 dabi zote mbili za ligi ziliisha 0-0, na upande wa pili alikuwepo mshambuliaji wao Fiston Mayele wa moto. Watani, mnatikisa vichwa, maana yake mnakumbuka. Costa na Pawasa wanisamehe.

Beki wa kushoto, Mohammed Hussein Tshabalala. Huyo ni wa pili.

Hapa nitakaa kidogo. Turudi Machi 16, 2019, kwa Mkapa, mechi ya mwisho ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika na AS Vita. Wengi wenu mlikuwepo. Hali ya kundi ilikuwa hivi: Saoura pointi 8, Al Ahly 7, Vita 7, sisi 6. Ndio wa mkiani. Tumekwenda Kinshasa tumepigwa 5-0. Tumekwenda Misri tumepigwa 5-0 nyingine. Algeria 2-0. Ugenini hatuna pointi hata moja, hata bao hatuna. Kila tulichokuwa nacho tumekichuma nyumbani, na bado tunataka robo fainali. Sare haitoshi. Na Vita ndio wakatangulia kufunga.

Mimi nilikaa upande wa jua. Mzee mmoja pembeni yangu, simjui jina mpaka leo, alikuwa amevua viatu akaviweka chini ya kiti, akaniambia akiwa amevaa viatu Simba haifungi. Nikacheka. Dakika ya 36 Tshabalala akasawazisha. Beki wa kushoto! Mzee akaniangalia tu, hakusema kitu, akavisukuma viatu ndani zaidi kwa kisigino. Kipindi cha pili kikaenda, dakika zikaenda, watu wakaanza kukusanya mabendera yao polepole kama wanaokunja mkeka msibani. Dakika ya 90 mpira ukamfikia Clatous Chama ndani ya boksi. 2-1. Nilipopata fahamu nilikuwa safu tatu chini ya kiti changu, na kiatu kimoja cha yule mzee kilikuwa mikononi mwangu. Sijui kilifikaje. Tukatoka wa mkiani mpaka wa pili kwa bao moja, pointi 9, nyuma ya Al Ahly mwenye 10.

Sasa nisikilizeni. Bao la kwanza usiku ule Tshabalala, la pili Chama. Chama alihamia Jangwani 2024. Tshabalala, nahodha wetu, miaka 11 kwetu tangu alipotoka Kagera Sugar 2014, akahamia Jangwani 2025. Yaani ukifuata ushauri wa wale waliochoma jezi, kwamba waliohama wafutwe, mechi ile tulifungwa 1-0 na Vita. Robo fainali hatukufika. Na yule mzee aliondoka na viatu vyake vyote viwili.

Mimi siwezi kuishi na historia ya namna hiyo. Iliniuma, msidhani haikuniuma. Tshabalala alipoondoka sikula chakula cha jioni. Lakini hasira yangu ya 2025 haina ruhusa ya kurudi nyuma miaka sita ikamnyang'anya mtu bao ambalo mimi nimelishangilia. Tena tuseme ukweli, sisi wenyewe tuna kinyongo cha upande mmoja. Haruna Niyonzima alipotoka kwao kuja kwetu 2017, nani hapa alisema huyo hana uaminifu? Tulisema ameona mwanga. Kina mama mlimtungia wimbo.

Kiungo mkabaji, Jonas Mkude. Wa tatu. Amelelewa kwenye timu yetu ya vijana, akapandishwa, akakaa zaidi ya misimu kumi, akavaa kitambaa cha unahodha, kisha 2023 akavuka barabara. Wengi humkumbuka kwa ugomvi wake na viongozi, mimi namkumbuka kwa jinsi alivyokuwa hakimbii. Viungo wetu wengi wa namba sita wanakimbia kama wametumwa chumvi. Mkude alikuwa anatembea, na mpira unamkuta pale pale alipo. Desemba 2018 tumelala 2-1 kule Kitwe na Nkana ya Zambia, marudiano tarehe 23 kwa Mkapa Nkana wanatangulia kufunga, uwanja umenyamaza. Aliyesawazisha ni Mkude. Kagere akaongeza la pili, na Chama akamaliza kwa kisigino dakika za mwisho kabisa. Hilo la kisigino ndilo kila mtu analo kwenye simu. La Mkude hulikuti, ingawa bila hilo la kisigino lisingekuwa na kazi.

Pembeni ya Mkude nimevunja sharti langu la pili, mnisamehe. Nimemweka Patrick Mafisango. Alitoka Azam, akacheza kwetu msimu mmoja, wa 2011/12. Kwa kipimo cha misimu miwili angekaa nje, na nafasi ingekwenda kwa Selemani Matola, nahodha wa kizazi cha Cairo, au kwa Mzamiru Yassin ambaye amekimbia kilomita nyingi kuliko sisi sote humu tukijumlishwa. Niliandika Matola mara tatu. Mara zote tatu penseli ikarudi kwa Mafisango. Alikuwa na nguvu ya kukaba na utulivu wa kupiga penalti, na siku ya 5-0 moja alifunga yeye. Mei 6 ile. Mei 17 akafariki kwa ajali ya gari hapa Dar es Salaam. Siku 11. Tulikuwa bado tunaimba. Kwa hiyo ninaposema hakumaliza misimu miwili, naona aibu kulisema kama kosa lake. Nimemweka, na sharti limevunjika, basi.

Mbele yao namba kumi: Chama, wa nne. Habari za kisigino na za dakika ya 90 nimeshazisema. Niongeze moja. Machi 2023 tulimfunga Horoya ya Guinea 7-0, Chama akafunga matatu. Siku ile sikuona mtu akimkaba, nikadhani Horoya wamechoka. Nilipoitazama tena nikaona kwamba alikuwa anasimama kwenye sehemu ambazo mtu hazihesabu: nusu hatua nyuma ya kiungo, nusu hatua mbele ya beki, kila mmoja anadhani ni wa mwenzake. Yule ndiye Mwamba wa Lusaka. Alituondokea mara ya kwanza 2021 kwenda Morocco, tukamsindikiza kwa machozi. Akarejea Januari 2022. Mara ya pili hakuna aliyemsindikiza.

Kulia, Luis Miquissone. Huyu alitutoa kwanza ndipo tukamjua. Agosti 2019, akiwa na UD Songo ya Msumbiji, alifunga kwa Mkapa, 1-1, tukatoka mashindanoni kwa bao la ugenini. Miezi michache baadaye uongozi ukafanya jambo la busara ambalo huwa nalisifu hata nikiwa nimeudhika nao kwa mengine: wakamsajili. Februari 2021 akawafunga Al Ahly bao pekee la mchezo, tukamaliza wa kwanza kwenye kundi lililokuwa na Al Ahly ndani yake. Al Ahly wakaona isiwe taabu, wakamnunua. Aliporejea kwetu baadaye hakuwa yule, na sitaki kulizungumza.

Kushoto, Emmanuel Okwi. Wa tano. Mganda huyu ametoka na kuingia Simba mpaka mlinzi wa getini akaacha kumwuliza kitambulisho. Alianza kwetu kijana mdogo, siku ya 5-0 akafunga mawili, moja likiwa mwanzoni kabisa watu bado wanatafuta viti. Watani, na ninyi mna yenu ya 5-1 ya Novemba 2023, tulieni, naijua tarehe. Akauzwa Tunisia, mambo yakagoma, mwishoni mwa 2013 tukamwona Jangwani na jezi ya njano, 2014 akarudi. Akaenda Ulaya, 2017 akarudi tena. Na aliporudi, msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20 na tukachukua ubingwa ambao hatukuwa tumeuona tangu ule wa 2012. Miaka sita ya kiu! Watoto wameanza shule na kufika darasa la sita hawajui Simba bingwa anafananaje. Aliyewatolea kiu ni mtu aliyewahi kuvaa njano, na siku ile hakuna aliyekumbuka kumwuliza.

Mshambuliaji wa kati, Meddie Kagere. Mabao 23 msimu wa 2018/19, mfungaji bora. Mabao 22 msimu wa 2019/20, mfungaji bora tena. Anafunga, anaziba jicho moja kwa kiganja, anarudi katikati ya uwanja kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake akaupata. Na lile bao la Al Ahly la Februari 2019 ni lake. John Bocco anakaa benchi kwa heshima zote, maana 2020/21 naye alikuwa mfungaji bora na kitambaa cha unahodha alikivaa kwa adabu. Ila penalti ile aliyoikosa na Mazembe, robo fainali ya 2019, 0-0 kwa Mkapa, kisha tukaenda Lubumbashi tukafungwa 4-1... Sisemi kitu. Nakohoa tu.

Najua sasa kuna mtu anataka kuniuliza: Samatta je? Hili nimelisubiri, kwa sababu hapa ndipo mtaona kama sharti langu la kwanza ni sharti kweli au ni kisingizio cha kumpendelea Chama. Mbwana Samatta ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote waliowahi kupita kwenye klabu yetu katika zama hizi. Alichukua ubingwa wa Afrika 2015 na Mazembe, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk, akacheza Ligi Kuu ya Uingereza na Aston Villa. Fahari yetu sote, watani nanyi mmo. Lakini hayo yote aliyafanya wapi? Kwetu alikuja 2010 kutoka African Lyon, na 2011 Mazembe walishamchukua baada ya kumwona akicheza dhidi yao. Kama nahesabu kilichofanyika ndani ya jezi nyekundu tu, basi mlango ule ule unaomwingiza Tshabalala ndio unaomwacha Samatta nje. Siwezi kumfuta mmoja kwa alichokwenda kufanya kwingine, halafu nimpange mwenzake kwa alichokwenda kufanya kwingine. Mwenye kuweza aje hapa mbele anifundishe.

Mtaniambia, lakini Mwalimu, kwa Mafisango ulivunja sharti. Ndiyo. Nilivunja la misimu, la jezi sikuligusa.

Kocha. Patrick Aussems alitufikisha robo fainali ya 2019, Sven Vandenbroeck akatuvusha kwenda makundi ya 2021 kabla hajaondoka, Phiri nimeshamtaja na msimu wake usio na doa. Nimemchagua James Siang'a, Mkenya, marehemu sasa. Alikuwa kipa wa Gor Mahia na wa timu ya taifa ya Kenya. Mtu aliyekaa golini maisha yake yote ndiye aliyekubali kwenda Cairo, kwa bingwa wa Afrika, na kijana ambaye ndevu hazijamtoka. Kocha asiyejua glavu angemtafuta mzee mwenye uzoefu. Msaidizi wake nimemweka Matola, kazi ambayo ameifanya kwetu miaka mingi na makocha wa kila lugha, na hivyo naye kapata nafasi kwenye daftari langu, msiseme nimemtupa.

Benchi nitalisoma haraka: Manula, Costa, Pawasa, Mzamiru, James Kotei, Bocco, na Musa Hassan Mgosi aliyekuwa mfungaji bora ule msimu wa kutofungwa. Kitambaa cha unahodha nampa Tshabalala. Mmesikia vizuri. Alikivaa akiwa kwetu, na mimi napanga timu ya akiwa kwetu.

Katibu ananionyesha saa. Nimeiona, Katibu, nimevusha dakika saba, hizo ni za majeruhi. Daftari nimeliacha hapa mezani na penseli iko juu yake, anayetaka kuandika chake kurasa za nyuma ziko wazi, ila ukurasa wa viungo mshike kwa adabu, umetoboka. Na wewe mzee wa pale nguzoni, umenyoosha mkono tangu nilipotaja jina la Kaseja na hujaushusha. Vijana, mpelekeeni kipaza sauti. Karibu, mzee wangu, shikamoo. Ila kabla hujaanza, hebu niambie kwanza: kwako ile picha uliigeuza, au uliitoa?